Kuanza Sala kwa Shukrani: Neno kwa Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Mwananyamala



Ndugu zangu viongozi wa jumuiya na wajumbe wa Kamati ya Haki na Amani, nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuanza sala. Jambo hili laonekana dogo. Lakini kila anayehudhuria jumuiya zetu anajua sala zetu zinavyokwenda: ishara ya msalaba, wimbo mmoja, halafu maombi yanamiminika. Mmoja ana mgonjwa, mwingine anadaiwa kodi ya chumba ya miezi sita, wa tatu kijana wake amemaliza shule na hana kazi. Maombi hayo ni ya haki, wala sikuja kuyazuia. Hata hivyo, kwa mila zetu mtu haingii kwa jirani akasema "nikopeshe" kabla hajapiga hodi, akaamkia, akauliza habari za nyumbani. Kwa Mungu tumezoea kuingia bila hodi.

Bwana wetu alipowafundisha wanafunzi kusali aliweka kwanza jina la Baba, ufalme wake na mapenzi yake. Mkate wa kila siku ukafuata. Kanisa nalo limeushika utaratibu huo. Neno lenyewe Ekaristi ni la Kigiriki, maana yake shukrani. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, alipoeleza jinsi ya kuchunguza dhamiri, alianza na kumshukuru Mungu kwa mema tuliyopokea, ndipo akaja kwenye dhambi.

Najua swali linalowajia. Padre, nishukuru kwa lipi? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu hapa Dar es Salaam, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024 maji yakarudi tena katika nyumba za watu. Swali hilo ni zito, nalo halijibiwi kwa kumhimiza mtu atabasamu. Mtume Paulo anawaagiza Wathesalonike washukuru katika kila hali (1 Thes 5:18). Hasemi washukuru kwa ajili ya kila jambo. Hakuna anayetakiwa kushukuru kwa kuzama kwa mtoto. Wayahudi hukiita kitabu cha Zaburi kwa jina lenye maana ya Sifa, na humo vilio ni vingi mno. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila neno la faraja. Basi aliye na machozi tu siku hiyo alete machozi yake, na wanajumuiya wenzake watoe sifa kwa niaba yake. Ndiyo maana hatusali peke yetu.

Hapo sasa tumefika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, Kamati ya Haki na Amani yapaswa kulitazama zaidi kuliko utaratibu wa sala. Shukrani nayo inaweza kuwa dhambi. Yule Farisayo aliyepanda hekaluni alianza sala yake kwa kumshukuru Mungu, tena vizuri tu. Akashukuru kwamba yeye si kama watu wengine (Lk 18:9-14). Tunaweza kusimama sebuleni, tukamshukuru Mungu kwa biashara iliyokwenda vema, na jikoni yuko dada wa kazi ambaye mshahara wake wa miezi mitatu haujalipwa. Akiudai, anaambiwa: shukrani ya punda ni mateke, si unakula, si unalala bure?

Methali hiyo ni ya kweli mahali pake, lakini hapo imegeuzwa kuwa fimbo. Mtume Paulo anaeleza wazi kwamba mfanyakazi hahesabiwi ujira wake kuwa ni zawadi, bali ni haki yake (Rum 4:4). Torati iliagiza kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua (Kum 24:14-15). Baba Mtakatifu Leo wa 13 alilisema jambo la ujira wa haki mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum. Hata sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki. Ni nyumba ngapi kati yetu zinazompa dada wa kazi siku hiyo, ili naye aje kanisani?

Mtu anayemshukuru Mungu kweli anajifunza kutenganisha zawadi na deni. Uhai, mvua, usingizi wa jana, hizo ni zawadi. Mshahara wa mwenzako uko mfukoni mwako kama deni, na deni halifutwi kwa kumsifu Mungu kwa sauti kubwa. Yakobo anaandika kwamba ujira uliozuiliwa nao unapiga kelele, na Bwana wa majeshi anausikia (Yak 5:4). Jioni ya jumuiya, basi, kuna sauti mbili zinazopanda.

Someni pia Kumbukumbu la Torati 26, ibada ya malimbuko. Mwisraeli anakuja na kikapu chake. Kabla ya kukitoa anasimulia: baba zetu walikuwa wahamiaji, wakateswa Misri, wakalia, Bwana akasikia. Shukrani yake haifichi utumwa. Kisha anaagizwa afurahie mavuno pamoja na Mlawi na mgeni anayeishi naye. Anayeshukuru bila kukumbuka alikotoka ataula mkate ule peke yake.

Napendekeza hivi kwa jumuiya zenu. Dakika za kwanza ziwe za shukrani, na kila mmoja ataje jambo moja la wiki hiyo, si "kwa mema yote" tu; kisha aseme limepitia mikono ya nani: aliyeleta maji kwa mkokoteni, muuguzi wa zamu ya usiku, mama aliyekaanga vitumbua alfajiri. Ikiwa katika mikono hiyo kuna inayotudai, mwenyekiti asitangaze jina la mtu. Akae naye baada ya sala, wawili tu, wapange siku ya kulipa. Maombi yafuate hapo, marefu mtakavyo.

Sasa wenyeviti wa jumuiya wana nafasi ya kuuliza maswali.