PESA ZA JIJI ZINAPOTELEA WAPI?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya maendeleo na wazee wa makanisa ya mitaa, Nairobi)



Tumeombwa tuzungumze nanyi leo juu ya fedha za jiji letu la Nairobi. Najua wengine wanaulizana kimoyomoyo: kanisa na bajeti, wapi na wapi? Jibu si gumu. Takataka zikikaa wiki tatu kando ya nyumba, anayeendesha ni mtoto wa jumuiya hii. Zahanati ikiwa na muuguzi lakini haina dawa, anayerudi nyumbani na karatasi ya kwenda kununua dawa kemisti ni mama yule yule tunayekaa naye benchi moja Jumapili. Kwa hivyo leo tutaweka kando mambo ya nani mwizi na nani malaika, tufungue daftari. Wahenga walituambia, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mzee wa nyumba na mwenye duka

Hesabu za jiji si tofauti sana na za nyumbani. Mzee wa nyumba akisema, "Mwezi huu nitapata elfu ishirini," na huku anajua atapata kumi na mbili, kisha akakopa dukani kwa hesabu ya ishirini, mwisho wa mwezi itakuwaje? Ataanza kupita njia ya nyuma ili mwenye duka asimwone. Mwezi wa pili atakopa duka lingine. Mwezi wa tatu watoto watafukuzwa shule.

Basi hivyo ndivyo jiji letu limekuwa likiishi. Tuchukue mwaka wa fedha wa 2023/24. Bajeti ya Kaunti ya Nairobi ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 42. Karibu bilioni 20 zilikuwa mgao kutoka serikali kuu. Kaunti yenyewe iliandika kwamba itakusanya zaidi ya bilioni 19 kutoka kwetu: reti za ardhi, pakingi, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, mabango ya matangazo, kodi za nyumba za kaunti, ushuru wa soko. Mwaka ulipofungwa ilikuwa imekusanya bilioni 12 na kitu. Pengo ni karibu bilioni 7. Na hiyo haikuwa ajali ya mwaka mmoja. Mwaka baada ya mwaka lengo limeandikwa juu sana, na mwaka baada ya mwaka halikufikiwa.

Mtu atasema, "Si ni makisio tu? Kukosea makisio si dhambi." Ni kweli. Lakini ukikosea upande ule ule kila mwaka, hayo si makisio tena. Sheria inataka bajeti ilingane, yaani matumizi yasizidi mapato. Kila idara inataka fungu lake. Kila diwani, ambaye siku hizi tunamwita MCA, anataka barabara ya wadi yake iandikwe. Kuwaambia "hapana" ni kazi ngumu. Kuongeza tarakimu kwenye mstari wa mapato ni kazi rahisi. Kalamu inapita, vitabu vinalingana, watu wanapiga makofi.

Anayeamua ni nani?

Hapa ndipo tungependa msikize kwa makini, maana ndiyo shina la maneno yetu. Bajeti ya uongo haileti upungufu peke yake. Inahamisha uamuzi.

Bunge la Kaunti limepitisha bilioni 42. Pesa zilizoingia ni pungufu. Lazima kitu kikatwe. Nani anachagua cha kukata? Si wananchi waliotoa maoni, wala si bunge lililopiga kura. Ni yule anayekaa na orodha ya malipo ofisini. Mishahara inalipwa kwanza, maana wafanyakazi wakigoma mji utalala. Halafu wanalipwa wenye sauti kubwa. Dawa za zahanati, mifereji ya maji machafu na basari za watoto wa maskini hungoja mpaka Juni, na Juni ikifika pesa zimekwisha.

Tuseme kuna kikundi cha akina mama kimepata zabuni ya kushona sare. Wamekopa kwa chama chao wakanunua vitambaa, wameshona, wamepeleka, wamepewa karatasi ya kupokelewa mzigo. Wanaambiwa, "Pesa hazijaingia." Miezi sita, mwaka, miaka mitatu. Siku moja mtu anawanong'oneza kwamba wakijua kuongea vizuri faili itapanda juu. Hapo chai imezaliwa. Na yule mfanyabiashara mkubwa anayejua kwamba atangoja miaka mitatu hufanya nini? Anaongeza bei tangu mwanzo. Kitu cha shilingi mia anakiuza mia mbili. Kwa hivyo jiji lisilolipa madeni yake hununua kila kitu kwa bei ghali, na pengo linazidi kupanuka. Upungufu na wizi wanalala kitanda kimoja. Huwezi kumfukuza mmoja ukamwacha mwenzake.

Ripoti za Msimamizi wa Bajeti za miaka hii ya karibuni zimeonyesha Nairobi ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 80, kuliko kaunti nyingine yoyote. Ndani ya mlima huo mna wakandarasi, mawakili, na hata makato ya uzeeni ya wafanyakazi, ambayo yalitolewa kwenye mishahara yao lakini hayakufikishwa yalikotakiwa. Februari 2025 tuliona ajabu kwa macho. Kaunti na kampuni ya umeme walikuwa wakidaiana mabilioni, kila mmoja akisema mwenzake ndiye mdeni. Stima ikakatwa katika ofisi za kaunti. Muda si muda, taka zikamwagwa mbele ya ofisi za kampuni hiyo. Watu walicheka. Lakini tujiulize: watu wakubwa wakidaiana hivyo, mama mwenye sare zake atasimama wapi kwenye foleni?

Kubadilisha dereva bila kutengeneza breki

Kuna wanaosema dawa ni kuwaondoa waliopo na kuleta wengine. Dawa hiyo tumeinywa mara nyingi. Mwaka 1983 serikali ililisimamisha Baraza la Jiji kwa sababu ya usimamizi mbaya, ikaweka Tume. Tume ilikaa mpaka baada ya uchaguzi wa 1992, na huduma hazikupona. Madiwani wakarudi. Mwaka 1999 ukaanza mfuko wa LATF, ulioyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato. Ulisaidia, lakini madeni hayakwisha. Mwaka 2013 Baraza likafa, Kaunti ikazaliwa, ikarithi madeni ya marehemu. Mwaka 2020 kazi kadhaa zikachukuliwa na serikali kuu na kupewa idara mpya ya NMS. Mwaka 2022 zikarudishwa. Kila aliyekuja alisema madeni ni ya aliyemtangulia, naye akaongeza yake kidogo kabla ya kuondoka.

Hatusemi uongozi hauna maana. Tunasema ukibadilisha dereva na breki ni mbovu, gari litaingia mtaroni vile vile. Breki ni daftari la kweli, na macho ya watu wanaolisoma.

Tukumbuke habari ya makaburi. Makaburi ya Lang'ata yalikuwa yamejaa, na mji ulihitaji mahali pa kuzika watu wake. Kati ya 2008 na 2009 Baraza likanunua ekari 120 upande wa Mavoko kwa karibu shilingi milioni 283. Wachunguzi walisema thamani yake ilikuwa karibu milioni 24. Tena ikaonekana udongo wenyewe haufai kuchimba kaburi. Mwaka 2018 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya waliokuwa maofisa. Lakini miaka ilikuwa imepita, pesa zilikuwa zimetoka, na maskini wa Nairobi bado anachanga harambee ili kumsafirisha maiti wake mbali. Jela peke yake haikuturudishia kaburi. Kama watu wangeuliza bei kabla hundi haijaandikwa, tungekuwa na mahali pa kuzika.

Nani analipa?

Jambo lingine ni haki. Kwa miaka kama 40 Nairobi ilitoza reti kwa kutumia daftari la thamani ya ardhi la mwanzo wa miaka ya 1980. Ploti iliyokuwa shamba la migomba leo ina ghorofa kumi, na mwenyewe aliendelea kulipa kama ya zamani zile. Daftari jipya lilianza kutumika 2023, huku wengi wakilalamika. Muda wote huo mama mboga alilipa ushuru wake kila siku ya Mungu, mvua inyeshe au jua liwake. Asipokuwa nao, askari wa kanjo walibeba nyanya zake. Reti ya mwenye ploti ikichelewa miaka kumi, huandikiwa barua tu, tena mara nyingine husamehewa riba. Pengo la jiji limekuwa likijazwa kutoka kwa mifuko midogo, kwa sababu mifuko midogo haina wakili.

Tufanye nini?

Katika kitabu cha Nehemia tunasoma juu ya gavana aliyejenga ukuta wa mji. Kwa miaka kumi na miwili hakuchukua posho ya chakula aliyostahili kama gavana, kwa vile aliona mzigo wa watu ni mzito. Mfano mwema. Lakini tusikae kungoja Nehemia azaliwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, imesema fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi, na wananchi washirikishwe. Haki hiyo haina miguu. Lazima sisi tuitembeze.

Kwanza, tujue tarehe. Andikeni tafadhali. Tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti. Tarehe 28 Februari ni mkakati wa fedha, na hapo ndipo mafungu makubwa huamuliwa. Tarehe 30 Aprili ni makadirio ya bajeti. Tarehe 30 Juni inapaswa kuwa imepitishwa. Watu wengi huja Juni, wakati chakula kimeiva na kupakuliwa. Anayetaka chumvi ipunguzwe aje Februari sufuria ikiwa motoni.

Pili, tukifika kwenye mikutano ya maoni tusiombe barabara tu. Nairobi ina wadi 85, na kila wadi ikiomba barabara mstari wa mapato utavutwa tena juu. Tuulize maswali matatu. Mwaka uliopita mliandika mtakusanya ngapi, na mkakusanya ngapi? Tunadaiwa ngapi, na mnalipa kwa utaratibu gani, wa zamani kwanza au wa kujuana? Zahanati yetu iliandikiwa ngapi, na ilifikiwa na ngapi? Diwani atakayejibu hayo bila kukasirika, mshikeni mkono, maana naye anahitaji watu nyuma yake anapokataa bajeti ya uongo.

Tatu, tukinyimwa majibu tuandike barua. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Kundi la watu kumi likiandika barua moja safi, likaweka nakala yenye muhuri, lina nguvu kuliko kelele za watu mia barabarani.

Nne, risiti. Kila shilingi unayolipa soko au pakingi, dai risiti au ujumbe kwenye simu. Pesa iliyoingia mkononi bila risiti haikuingia Kaunti. Na mwisho wa mwaka itahesabiwa kama pengo, kisha utatozwa tena wewe kulijaza.

Tano, tuanze hapa kwetu. Kikundi kisichosoma hesabu zake mbele ya wanachama hakitakuwa na mdomo wa kuiuliza Kaunti. Mhazini wa kanisa aandike ubaoni kilichotarajiwa na kilichopatikana, hata kama kinatia haya. Watoto wetu wakikua wameona kwamba kusoma hesabu mbele ya watu ni jambo la kawaida, watashangaa siku watakapokuta ofisi inayoficha.

Hatuwaahidi kwamba mwaka ujao taka zitazolewa kila Jumanne. Deni la bilioni 80 halilipwi kwa hotuba. Ila tunajua kwamba anayejua anahesabiwa hubadilika mwendo. Basi kabla hatujafunga kwa sala, kila kikundi kichague watu wawili wa kwenda kwenye mkutano wa mkakati wa fedha mwezi wa Februari, na majina yao tuyapeleke kwa katibu leo hii, si kesho.

Mungu awabariki, na alibariki jiji letu.