Shamba Moja, Warithi Wengi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeombwa niseme juu ya maisha ya jamaa na mazao ya mashamba yetu huku bara, Likoni, Kisauni na Changamwe. Nitashika jambo moja tu linalogusa kila nyumba, nalo ni namna ya kulilinda shamba la nyumbani baada ya mwenyewe kufariki.

Wazee mwajua jinsi bara ilivyokuwa ikikilisha kisiwa kwa nazi, mihogo, maembe na mboga. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na daraja la sasa mwaka 1980. Changamwe nayo ilipata kiwanda cha kusafisha mafuta mwaka 1963. Kazi zilikuja, watu wakazifuata, na nyumba zikasimama palipokuwa na mihogo. Hatuzilaumu kazi hizo, maana zimesomesha watoto wetu. Lakini baba alipokwenda bandarini, aliyebaki na jembe ni mama.

Mnazi mmoja una riziki nyingi: dafu, tui la mchuzi, makuti ya paa, makumbi ya kamba, na vifuu vya kuwashia moto. Mnazi wetu mrefu hukawia kama miaka 6 au 7 kabla ya kuzaa, kisha huweza kuzaa miaka 60 na zaidi. Basi aupandaye huwapandia na wajukuu.

Hapo ndipo ugomvi huzuka. Tuchukue mfano wa Mwislamu aliyefariki akaacha minazi 40, mjane mmoja, wana wawili na mabinti watatu. Mjane hupata thumni, yaani minazi 5. Kila mwana 10. Kila binti 5. Hesabu ya minazi ni nyepesi. Lakini ardhi ikikatwa kwa kipimo hicho hicho, binti hupata kipande chembamba. Atafanya nini ila kukiuza? Na kwa jamaa wasio Waislamu, ambao Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 huwapa wana na mabinti mafungu sawa, shida ni ile ile: shamba moja, vipande vingi.

Tena shamba lenye ugomvi halina wa kulisafisha. Magogo ya minazi iliyoanguka huoza, na chonga huzaliana humo, kisha huruka na kutoboa minazi ya jirani. Hivyo ugomvi wa nyumba moja huwa hasara ya mtaa mzima.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, kila mzee angali hai aandike, mbele ya mashahidi, ardhi ni ya nani na miti ni ya nani. Kwani desturi ya pwani yajua mtu kumiliki miti juu ya ardhi ya mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, warithi wakiridhiana, wagawe mazao, wasikate ardhi. Tatu, fungu la mwanamke lifike mkononi mwake kila mavuno, kwa hesabu iliyoandikwa. Umoja wa shamba usiwe pazia la kaka kula haki ya dada. Akidhulumiwa, ana haki ya kudai fungu lake mbele ya Kadhi au mahakama nyingine inayohusika, na shamba litakatwa kwa amri.

Wazee wetu, nyinyi ndio huitwa kusuluhisha matanga yakiisha. Nawaomba siku hiyo mumwulize pia yule aliyeshika jembe miaka yote. Mara nyingi yeye hukaa nyuma ya mlango, naye ndiye aijuaye minazi mmoja mmoja.