Watazamaji Thelathini na Saba

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya vijana wanaopiga picha za video kwa simu zao na kuzitoa kwenye intaneti. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wa Unguja, Pemba na Bara.



Kijiji cha Ngarambe kimo katika Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani, kusini ya Mto Rufiji, jirani na mapori yaliyokuwa Pori la Akiba la Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mazungumzo haya yamekichagua kijiji hicho kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kijana wa huko anayetengeneza video hana tofauti kubwa na mwenzake wa Makunduchi au Micheweni. Sababu ya pili itaonekana mbele kidogo, nayo ndiyo kubwa.

Basi achukuliwe kijana mmoja wa Ngarambe, mwenye simu moja na kiu ya kazi. Amempiga picha bibi yake akisuka mkeka, tangu kuchambua ukindu hadi kufunga ukingo. Amempiga picha baba yake akikesha juu ya dungu, akilinda mpunga usiwe chakula cha nguruwe na ndovu. Amenunua kifurushi cha intaneti kwa fedha ambayo nyumbani ingenunua sukari, akatafuta mahali ambapo mtandao unashika, akaipeleka video yake YouTube. Wiki moja baadaye anatazama hesabu: imetazamwa mara 37. Na katika mara hizo 37, sita ni yeye mwenyewe.

Anafanya hivyo mara ya pili, ya tatu, hata ya kumi. Hesabu haipandi. Rafiki zake wanamcheka, mzazi anauliza kazi hii italeta nini, na usiku mmoja kijana anafuta video zote na kuiuza simu. Jambo hili hutokea mara nyingi kuliko inavyosemwa, kwa kuwa anayeacha haagi. Anayesikika ni yule aliyefanikiwa.

Inafaa kwanza ieleweke kinachopimwa na hesabu ile. YouTube humlipa mtengenezaji sehemu ya fedha ya matangazo baada ya kutimiza masharti yake, na sharti linalojulikana zaidi ni kuwa na watu 1,000 waliojiandikisha kwenye chaneli pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 iliyopita. Iko na njia nyingine, ya video fupi kutazamwa mara milioni 10 katika siku 90, lakini hiyo iachwe kwa sasa. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Iwapo kila mtazamaji atakaa dakika tatu, itahitajiwa video zitazamwe mara 80,000. Kwa kijana wetu mwenye watazamaji 37 kwa kila video, hiyo ni kazi ya video zaidi ya 2,100 katika mwaka mmoja, yaani karibu sita kila siku, Ijumaa na sikukuu pia. Aidha, malipo ya tangazo hutegemea nchi aliyomo mtazamaji, na mtangazaji wa biashara hulipa zaidi kumfikia mtu wa London kuliko kumfikia mtu wa Utete.

Hesabu hii haikutolewa kwa nia ya kumvunja mtu moyo. Imetolewa kwa sababu wengi wanaovunjika moyo hawakushindwa katika kazi ya video. Wameshindwa katika biashara ambayo hakuna aliyewaeleza masharti yake. Kijana aliyeambiwa mapema kwamba shamba la mpunga ndilo litakalomlisha mwaka huu, na kwamba video ni kazi ya pembeni, huwa na subira ambayo mwenzake aliyeahidiwa gari hawezi kuwa nayo.

Jambo la pili ni maana ya watu 37 wenyewe. Kwenye kioo cha simu, 37 ni tarakimu ndogo ya aibu. Lakini watu 37 wakikusanyika barazani kumtazama bibi akisuka mkeka, mwenye nyumba atahangaika kutafuta majamvi ya kuwakalisha. Mwalimu anayepata wanafunzi 37 darasani hasemi kwamba hana watu. Bwana Shamba akija kijijini na wakatokea wakulima 37, ataandika katika taarifa yake kwamba mahudhurio yalikuwa mazuri, na atakuwa amesema kweli.

Sasa na irejewe Ngarambe.

Mnamo mwaka 1904, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alianza kutoa habari za dawa ya maji ambayo ingewakinga watu na risasi za Wadachi. Hapakuwa na gazeti wala redio. Neno lilipita kwa kunong'onezana, na Wamatumbi waliliita njwiywila, yaani habari inayopelekwa kwa siri. Kufika mapema mwaka 1905 watu walikuwa wakienda Ngarambe kwa makundi makubwa kutoka Umatumbi, Rufiji na kwingineko, wakatazame na wasikie wenyewe. Kwa kipimo cha leo ingesemwa kwamba habari ile ilisambaa kama moto wa nyika. Mwishoni mwa mwezi wa Julai vita vikaanza huko Umatumbi, na tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita vya Majimaji viliendelea hadi mwaka 1907, navyo pamoja na njaa iliyofuata viliua watu kwa makumi ya maelfu, na kwa makisio ya wanahistoria wengi hata zaidi sana ya hapo.

Heshima ya Kinjikitile katika historia ya Taifa haina shaka: aliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali ambao kabla yake hawakuwa na jeshi wala kiongozi mmoja. Lakini maji hayakuzuia risasi. Wingi wa watu waliofika Ngarambe haukuwa ushahidi kwamba neno walilolisikia lingewakinga. Kijana anayelia kwa kukosa wasikilizaji anakaa juu ya ardhi iliyopata wasikilizaji wengi kuliko kijiji chochote cha pwani hii kwa wakati ule, na ardhi hiyo inajua kwamba wingi ni jambo moja na ukweli ni jambo jingine.

Na kiko kisa cha pili cha Ngarambe, ambacho hakitajwi sana. Miaka 60 na zaidi baada ya vita, mwanahistoria Gilbert Gwassa alipita Umatumbi na sehemu za jirani akiwauliza wazee waliokuwa hai wakati wa vita au waliosimuliwa na wazazi wao. Mwaka 1967 wazee wale walizungumza, naye akaandika. Alitaka majina, njia walizopita watu, maneno yaliyosemwa na namna dawa ilivyotolewa. Mwaka 1968 yeye na John Iliffe walitoa kijitabu chembamba chenye baadhi ya ushahidi huo. Mwaka huohuo wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikusanya masimulizi ya wazee katika sehemu nyingine zilizopigana. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile, ambayo vizazi vya wanafunzi wa sekondari wameisoma.

Gwassa alimaliza tasnifu yake ya udaktari mwaka 1973. Ikakaa maktabani. Kila aliyetaka kuandika kwa uhakika juu ya Majimaji alilazimika kuitafuta, lakini waliofanya hivyo hawakuwa wengi. Haikuchapishwa kuwa kitabu hadi mwaka 2005, huko Ujerumani, miaka 100 baada ya vita kuanza na miaka 32 baada ya kuandikwa.

Lau Gwassa angehesabu wasomaji wake kila Jumamosi, angeacha. Wazee waliomsimulia mwaka 1967 hawako tena duniani. Kama hakuwauliza mwaka ule, hakuna fedha wala mtambo ambao leo ungeweza kuwauliza.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Kijana wa Ngarambe anayefuta video zake kwa sababu zimetazamwa mara 37 anadhani amefuta kitu kidogo. Bibi aliyemo katika video ile amefika miaka 80. Namna yake ya kufunga ukingo wa mkeka, majina anayoyaita mapambo ya ukindu na lafudhi yake hasa havipatikani mahali pengine. Ni vivyo hivyo kwa mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya mwezi wa Aprili 2024. Mkazi aliyeinua simu yake na kuonyesha maji yamefika wapi kwenye ukuta wa nyumba fulani alitengeneza kipimo ambacho wajukuu wake watakihitaji siku watakapotaka kujua wajenge wapi.

Isidhaniwe kwamba wanaohimizwa kuvumilia huwa wanafichwa habari za waliofanikiwa. Katika Mkoa huohuo wa Pwani, kijana wa Kimasai wa kijiji cha Mindu Tulieni, anayejulikana duniani kwa jina la Kili Paul, alianza kwa simu. Yeye na dada yake Neema walifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, na mwaka 2021 video zao zikapokewa India kwa mamilioni. Tarehe 27 Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja katika mazungumzo yake ya redio. Ni jambo la kujivunia. Lakini kijana anayemwiga Kili Paul anaiga siku ya mavuno tu. Linalofaa kuigwa ni kwamba watu wale walifanya walichokipenda wao wenyewe, katika mavazi yao na mbele ya mifugo yao, kabla ya mtu yeyote kuwaambia kwamba kina soko.

Visiwani iko kumbukumbu ya zamani zaidi. Siti binti Saad wa Fumba alikuwa mfinyanzi na muuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kutiwa sauti katika santuri. Kati ya miaka hiyo miwili ipo 17 ya kujifunza na kuimba mbele ya watu waliotoshea ukumbi mmoja. Santuri zilipokuja zilimkuta ameshakuwa Siti.

Yabaki machache ya kazi yenyewe, kwani moyo peke yake haumfikishi mtu.

Hesabu ya watazamaji itazamwe mara moja kwa mwezi, siku iliyopangwa. Anayeitazama kila saa anaigeuza kuwa homa. Siku hiyo ikifika, kisomwe kile kinachofundisha: YouTube humwonyesha mwenye chaneli ni dakika gani watazamaji walipoondoka. Wakiondoka wote katika nusu dakika ya kwanza, kosa mara nyingi ni salamu ndefu au sauti mbaya. Upepo ukivuma kwenye simu, hata hadithi nzuri haisikiki. Kuipigia picha ndani ya nyumba, au kuisogeza simu karibu na msemaji, hakugharimu kitu. Jina la video nalo liseme kilichomo. Anayetafuta namna ya kusuka mkeka hataandika "Maisha Yetu Sehemu ya Nne".

Kadhalika, watazamaji wa kwanza wasitafutwe mbali. Mtu wa Rufiji anayefanya kazi Dar es Salaam, au aliyeko Muscat tangu ujana wake, atakaa hadi mwisho wa video inayomwonyesha kwao, kisha ataipeleka kwa ndugu zake. Watu kama hao ni wachache, lakini ndio wanaorudi.

Anayekusudia kutoa habari au vipindi kwa utaratibu aulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kuhusu leseni, kwa kuwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizoanza mwaka 2018 zimekwishabadilishwa zaidi ya mara moja, na maneno ya mitaani hayatoshi. Na mzee asipigwe picha kwa kuviziwa. Aamkiwe, akae, aelezwe picha itakwenda wapi, na akikataa aachwe. Mzee aliyeombwa kwa adabu huzungumza saa mbili. Aliyeviziwa hufunga mlango, na nyumba za jirani zikasikia.

Mwisho, video isibaki YouTube peke yake. Chaneli hufutika, nywila husahaulika, simu huanguka mtoni. Nakala moja iwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu na kuhifadhiwa mahali pakavu, na nyingine apewe mwalimu wa shule ya kijiji akikubali kuipokea. Juu ya kila nakala iandikwe jina la aliyezungumza, kijiji chake, tarehe, na jina la aliyepiga picha.