Malipo ya Saa za Ziada kwa Walinzi: Kutoka Daftari la Lindo hadi Karatasi ya Mshahara

Ndugu Mwenyekiti, ndugu maofisa rasilimali watu,

Nimeombwa nizungumzie saa za ziada kwa ujumla. Ufafanuzi mnaujua: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6. Kinachozidi ni ziada, kwa makubaliano, kisichopita saa 50 katika wiki nne, kwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333, kisha kwa saa za wiki. Tuendelee na walinzi.

Mlinzi wa getini anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, siku sita. Hizo ni saa 72. Ziada ni 27 kwa wiki, 108 kwa wiki nne, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Tuchukue mshahara wa shilingi 195,000, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi: saa ya kawaida 1,000, ya ziada 1,500. Ziada pekee ni shilingi 162,000, kabla ya asilimia 5 ya usiku, inayoanza saa 2 usiku. Karatasi ya mshahara inasema nini? "Siku 26. Posho 30,000." Basi.

Nikiuliza, naambiwa nitoe saa ya mapumziko. Ipi? Mlinzi yuko peke yake; akienda kula, geti anamwachia nani? Anayetakiwa kuwa tayari kwa kazi wakati wa mapumziko analipwa. Wengine hunitajia utaratibu wa saa 12 bila ziada. Upo, ila kwa makubaliano ya maandishi, siku zisizozidi 5, saa 45.

Simnyooshei kidole mtu, na najua zabuni za ulinzi huenda kwa mwenye bei ya chini. Kinachoniudhi ni kwamba ushahidi upo. Daftari la lindo limeandikwa: "Nimepokea lindo saa 12:00 jioni, taa ya nyuma haiwaki." Likijaa linachukuliwa na msimamizi, likihitajika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, halionekani.

Napendekeza mishahara iandaliwe kutokana na daftari hilo. Mlinzi asaini saa zake kila wiki, abaki na nakala. Karatasi itenganishe msingi, ziada na usiku. Posho ya jumla isiitwe ziada. Zabuni itaje saa, si idadi ya walinzi tu. Malindo ya saa 24 yawe na zamu tatu za saa 8. Kwa siku sita, ziada inabaki saa 3 kwa wiki. Vyama vya wafanyakazi viwaambie wanachama kwamba madai haya yana siku 60 kufika Tume; anayesubiri mpaka aachishwe kazi hukuta mengi yamepitwa na muda. Na daftari lihifadhiwe. Kumbukumbu za malipo zinatakiwa kutunzwa miaka 5 baada ya ajira kuisha. Daftari la lindo nalo litunzwe hivyo hivyo.