Upimeni Mto Ukiwa Umefurika

Wahitimu wetu, hongereni sana. Wazazi, pigeni vigelegele. Karo mmelipa, haki yenu hiyo.

Wahitimu wa uhandisi wa maji, nina ombi moja kwenu: upimeni mto ukiwa umefurika. Mto Tana hushuka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya miteremkoni, wa kingo zilizomomonyoka na wa barabara zisizo na lami. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo la juu kabisa katika mfululizo wa mabwawa ya Seven Forks kwenye mto huo. Udongo huo, yaani mashapo, ukifika hapo mwingi hutua, na ukitua hupunguza nafasi ya maji yanayozungusha mitambo ya umeme. Kujua tope linaloingia kila mwaka, basi, ni kujua umri wa bwawa.

Mmefundishwa kuchuja sampuli ya maji ya mto, kuikausha karatasi ya kuchujia kwa nyuzi 105 za Selsiasi, kuipima uzito, kisha kutengeneza modeli inayokadiria mashapo kutokana na mtiririko. Lakini sehemu kubwa ya mashapo ya mwaka mzima hupita katika siku chache za mafuriko. Ukichota sampuli siku za jua tu, kompyuta itakupa jibu dogo mno, tena kwa desimali nyingi. Isitoshe, mtiririko uleule mara nyingi hubeba tope jingi maji yanapopanda na kidogo yanaposhuka, kwa kuwa udongo uliolegea umekwisha kuzolewa. Mstari mmoja kwenye grafu hauwezi kuyasema yote mawili.

Huko kazini huenda mkakuta bajeti ya programu za kompyuta ipo, ya mafuta ya gari na posho ya mpimaji wa usiku mto ukifurika haipo. Iteteeni posho hiyo. Chombo cha kuchotea sampuli kiteremshwe kutoka darajani, mtu asiingie majini. Na mkubwa akitaka namba moja, mpeni pia kiwango cha chini na cha juu, hata akikunja uso. Atakayejenga bwawa kwa namba hiyo anastahili kujua shaka iliyomo.

Masika yakianza, waachieni wengine ofisi, nyinyi nendeni darajani.