Kampuni ikizama kwenye madeni, nani analipwa kwanza?

Kwenye mijadala mtasikia, "Korti inakinga wadaiwa sugu!" Ngojeni kidogo. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, kampuni iliyolemewa yaweza kuwekewa msimamizi, na wadai hawawezi kukamata mali yake bila idhini yake au ya korti. Lengo ni iokolewe, wadai walipwe. Si lazima ifaulu: Nakumatt iliwekewa msimamizi Januari 2018, Januari 2020 wadai wenyewe wakapiga kura ifungwe. Sasa, wewe uliyeuzia kampuni mbuzi kwa mkopo bila dhamana, benki yenye dhamana iko mbele yako. Mwanasiasa akiahidi "tutaiokoa kampuni", muulize: mwenye mbuzi atalipwa lini?