MTOTO ANAYECHEUA MAZIWA: NAMNA YA KUMSHIKA, KUMCHEZESHA NA KUMLAZA

Leo tunazungumzia mtoto anayecheua maziwa.

Umemnyonyesha mtoto, ameshiba, ukamweka begani. Mara bega limelowa, na maziwa yenyewe yananuka uchachu. Jirani anakuambia mtoto ana kimeo kirefu, apelekwe akakatwe. Mwingine anasema maziwa yako ni mepesi, mpe uji. Mama mpendwa, usifuate ushauri wa yeyote kati ya hao wawili.

Kwa nini mtoto hucheua? Mahali njia ya chakula inapoingia tumboni pana msuli unaofunga na kufungua kama mlango. Kwa mtoto mchanga mlango huo bado ni mlegevu. Tena chakula chake chote ni maziwa, na muda mwingi amelala. Kwa hiyo maziwa hurudi juu kwa urahisi, pamoja na asidi ya tumbo. Hiyo asidi ndiyo inayoleta uchachu. Hali hii mara nyingi huanza kabla ya mtoto kutimiza miezi 2. Hupungua anapoanza kukaa, kisha kusimama, na watoto wengi huwa wameacha wakifikisha mwaka 1. Ikiwa mtoto anacheua lakini ananyonya vizuri, anacheka na kilo zake zinapanda kliniki, huyo si mgonjwa.

Unaweza kumsaidia bila dawa, kwa namna unavyomshika. Wakati wa kunyonyesha, kichwa chake kiwe juu kuliko tumbo. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara kwa mara. Pumzika katikati, umweke wima kifuani na kumpapasa mgongo polepole mpaka hewa itoke. Akimaliza kunyonya, mshike wima kwa dakika 20 hadi 30. Katika muda huo usimrushe juu, usimdundishe magotini, wala usimfunge mgongoni kwa leso iliyokaza tumbo. Nepi nayo isimbane. Kama mna safari ya matatu, jaribu kumnyonyesha mapema ili maziwa yatulie kabla gari halijaanza kurukaruka.

Je, mtoto anayecheua asichezeshwe? La, achezeshwe! Kulala kifudifudi akiwa macho humwimarisha shingo, mgongo na mikono, ili aweze kukaa na kutambaa. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya angalau dakika 30 kila siku, kidogo kidogo. Tandika mkeka au blanketi sakafuni, ukae naye, umwite na kumwimbia. Fanya hivyo kabla hajanyonya, au nusu saa na zaidi baada ya kunyonya. Akichoka, mwinue.

Lakini wakati wa kulala usingizi, mlaze chali, mahali palipo sawa, bila mto. Mama wengi huogopa kwamba atapaliwa na maziwa. Anapolala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yakirudi humezwa au hutoka mdomoni. Kumlaza kifudifudi usingizini kunaweza kusababisha kifo cha ghafla.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mara nyingine asidi humchoma mtoto. Hulia akinyonya, hukataa titi, hupinda mgongo kwa nyuma na kugeuza shingo. Mpeleke kliniki akachunguzwe. Lakini ukiona amepoteza fahamu, macho yamekodoa, au mikono na miguu inatikisika hata ukiishika, hiyo huenda ni degedege. Kimbia hospitali. Ukiwa na shaka, nenda vilevile.

Nenda hospitali upesi pia ikiwa anatapika majimaji ya kijani au damu. Ikiwa ana homa, tumbo limefura au anapumua kwa shida. Ikiwa amelegea au nepi hazilowi kama kawaida. Au ikiwa kilo hazipandi. Mtoto wa wiki 2 hadi 8 anayetapika kwa nguvu, maziwa yakiruka mbali kila anaponyonya, kisha anataka kunyonya tena, huenda njia ya kutokea tumboni imebana. Hali hiyo hutibiwa kwa upasuaji.

Na kimeo je? Kimeo si chanzo cha kucheua. Kukikata kwa kisu au wembe kunaweza kumletea mtoto kutokwa na damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine, na wako watoto waliopoteza maisha. Uji nao usubiri. Mpe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Usimpe majivu, maji ya glukosi wala dawa ya tumbo ambayo hukuandikiwa na daktari.

Neno moja kwa yeyote anayekesha na mtoto anayelia. Ukihisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, utoke nje kidogo, au umwite baba, nyanya au jirani akupokee. Usimtikise mtoto kamwe. Kumtikisa kunaweza kuumiza ubongo wake na hata kumwua.

Kumbukeni basi: wima baada ya kunyonya, kifudifudi akiwa macho na ukimtazama, chali akilala usingizi. Na mkienda kliniki, bebeni kijitabu cha mama na mtoto, mwulize muuguzi akuonyeshe kama kilo zinapanda.